Pete ya Dhahabu na Beseni la Maji

Jumamosi moja, katika mji ulio kando ya Ziwa Kivu, mke kijana aliingia nyumbani kwa shangazi yake bila kungojea kukaribishwa. Hakuketi. Alinyosha mkono wake, akaonyesha kidole cha pete. Chini ya pete palikuwa na mstari wa kijani uliozunguka kidole kizima.

“Shangazi,” akasema, “tazama mwenyewe. Haijatimia miaka miwili tangu tufunge ndoa, na pete yangu imeanza kutoa kutu. Bwana wangu aliniambia ni dhahabu. Kumbe alinidanganya mbele ya altare! Na mama mkwe amekwisha kuona. Anasema ni ishara mbaya, kwamba kidole cha mke mwaminifu hakigeuki rangi.”

Shangazi alikuwa mtu wa maneno machache. Akamwuliza: “Unapofua nguo, unaivua pete yako?”

“Siivui kamwe. Niliambiwa kwamba pete ya ndoa haitoki kidoleni.”

“Na unapoosha sakafu kwa maji ya Javel?”

“Siivui.”

“Na unapooga ziwani?”

“Shangazi, nimekwisha kukuambia!”

Basi shangazi akajifunga kitenge chake, wakaenda wote wawili kwa sonara mzee anayefanya kazi karibu na soko. Yule mzee aliipokea pete, akaipangusa kwa kitambaa, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akatazama upande wa ndani. Kisha akacheka kidogo. “Binti yangu,” akasema, “pete hii haikusema uongo hata siku moja. Ukweli wake umeandikwa ndani yake tangu ilipotoka kiwandani. Ila ninyi hamkuusoma.”

Ndani ya pete mlikuwa na alama ndogo sana: 1/20 14K G.F. Pete ilikuwa imetumwa kutoka Marekani na kaka wa bwana arusi. Bwana arusi mwenyewe aliona inang’aa, akaamini kwamba ni dhahabu tupu. Hapakuwa na mwongo katika jambo hili. Palikuwa na watu wasiojua tu.

Ndugu wasomaji, visa vya namna hii si haba katika nyumba zetu. Watu wengi huvaa pete, mikufu ya medali, herini na bangili wasizozijua asili yake. Pambo likififia, hulaumu aliyelitoa. Likipotea majini, hulia. Kwa hiyo tumeona vema kueleza vitu hivi ni nini, maji huvifanya nini, na namna gani mama wa nyumba aweza kuvitunza miaka mingi bila gharama.

NGOZI YA DHAHABU, MWILI WA SHABA

Kwanza tujue kwamba chini ya rangi moja ya dhahabu kuna vitu vya namna tatu.

Cha kwanza ni dhahabu yenyewe. Hata hiyo, mara chache huvaliwa ikiwa safi kabisa, kwa sababu dhahabu safi ni laini mno, hupindika na kukwaruzika upesi. Masonara huichanganya na shaba na fedha ili iwe ngumu. Kipimo chake ni karati. Dhahabu safi ni karati 24. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika sehemu 24, yaani robo tatu. Ya karati 14 ina zaidi kidogo ya nusu.

Cha pili ni kitu kilichochovywa dhahabu. Fundi huchukua pambo la shaba au la madini mengine, hulitumbukiza katika maji ya dawa yenye dhahabu iliyoyeyushwa, hupitisha umeme, na dhahabu hujishikiza juu yake kama utando. Kazi hii ilianza kuenea viwandani baada ya mwaka 1840, jamaa ya Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipopata hati ya kuifanya. Utando huo mara nyingi ni mwembamba mno, hata pengine haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Huchakaa upesi, hasa katika pete, kwa maana mkono haupumziki.

Cha tatu ndicho kile cha yule mke kijana, nacho ni kitu kilichovikwa dhahabu. Hapa dhahabu haikupakwa wala haikuchovywa. Mafundi huchukua kipande kinene cha shaba iliyochanganywa na zinki, huweka juu yake bamba la dhahabu, huvipasha moto na kuvikandamiza kwa nguvu nyingi hata vishikamane kama mwili na ngozi. Kisha huvipitisha katika mashine za kusokota na kubana mpaka viwe bamba jembamba au uzi, na kwa huo hutengeneza mikufu na pete. Asili ya ufundi huu ni ya zamani. Katika miaka ya 1740 mfua visu mmoja wa Sheffield, Uingereza, jina lake Thomas Boulsover, aligundua kwamba fedha na shaba zikipashwa moto pamoja hushikamana, na zikikandamizwa hutanuka pamoja kama kitu kimoja. Baadaye mafundi walifanya vivyo hivyo kwa dhahabu. Huko Marekani, katika karne ya 19, makasha ya saa za mfukoni yalitengenezwa hivyo kwa wingi, na wenye viwanda wakathubutu kuandika juu yake kwamba yatadumu miaka 20 au 25.

Sisi wa Kongo tusione mambo haya kuwa mageni. Dhahabu ya Kilo, katika Ituri, imejulikana kwa wachimbaji wa kigeni tangu mwaka 1903. Shaba ya Katanga ina sifa duniani kote, hata jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 hata 1997. Na zinki imechimbwa Kipushi. Kitu kilichovikwa dhahabu ni kama ndoa ya ndugu hao watatu: zinki na shaba hufanya mwili, dhahabu hufanya ngozi.

KUSOMA KILICHOANDIKWA

Alama zile ndogo ni lugha rahisi. Mtoto wa shule aweza kuisoma, akipata kioo cha kukuzia.

Alama 1/20 14K G.F. maana yake ni hii: dhahabu ya karati 14 ni sehemu moja katika sehemu 20 za uzito wa kitu chote. Kwa kanuni za biashara za Marekani, kitu kisichofikia sehemu hiyo moja katika 20 hakistahili kuitwa kwa jina hilo. Tupige hesabu. Mkufu wenye uzito wa gramu 10 una nusu gramu ya dhahabu ya karati 14. Na kwa kuwa karati 14 ni sehemu 14 katika 24, dhahabu safi iliyomo haifiki theluthi moja ya gramu. Zingine zote ni shaba na zinki, na kiasi kidogo cha madini yaliyochanganywa na dhahabu.

Ukiona herufi G.P., G.E.P. au H.G.E., ujue ni kitu kilichochovywa. Ukiona 750, ni dhahabu ya karati 18 mwili mzima, na 585 ni ya karati 14. Wauzaji wasemao Kifaransa huita vitu vingine plaqué or. Nchini Ufaransa kitu hakiuzwi kwa jina hilo isipokuwa ngozi yake ya dhahabu ina unene wa mikroni 3 au zaidi, yaani sehemu 3 za elfu za milimita. Vitu vilivyovikwa kwa kanuni ile ya 1/20 kwa kawaida huwa na ngozi nene kuliko hiyo, na ndiyo sababu hudumu.

Tahadhari moja: alama si kiapo. Mtu mwovu aweza kugonga nambari yoyote juu ya kipande chochote. Kwa hiyo nunua kwa mtu ajulikanaye, uombe karatasi ya mauzo iliyoandikwa ni kitu gani. Wazee walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye anayekufuata njiani na mkufu ndani ya kiganja, akikuhimiza ulipe upesi kabla hajaondoka, mwache aende zake.

MAJI YENYEWE SI ADUI

Sasa tuje kwenye beseni. Je, maji huharibu dhahabu? Maji matupu hayaiharibu. Dhahabu haishiki kutu, hailiwi na maji, wala haigeuzwi na hewa. Ndiyo sababu wachimbaji huikuta bado inang’aa katika mchanga wa mito, baada ya kulala humo miaka isiyohesabika.

Lakini pambo lililovikwa si dhahabu tupu. Lina mahali ambapo ngozi haifuniki vema: ncha ya waya wa herini, kiungo cha mkufu kilichokatwa, kifungo kinachosuguana kila siku, ukingo wa pete uliochakaa. Hapo shaba huchungulia nje. Tena maji tunayoyatumia nyumbani si matupu hata kidogo. Hubeba vitu, na vitu hivyo ndivyo adui. Tuvitaje kimoja kimoja.

Jasho lina chumvi. Likichanganyika na maji yaliyokwama chini ya pete, hula shaba pole pole na kutoa ile rangi ya kijani. Basi anayeoga na pete na kuvaa nguo bila kuikausha hujitengenezea mwenyewe jiko dogo la kutu.

Sabuni haili dhahabu, lakini huacha utando wa mafuta. Utando huo hujaa katika viungo vya mkufu, hushika vumbi, na pambo huonekana kama limezeeka. Wengi hudhani kwamba dhahabu imetoka, kumbe imefunikwa tu.

Maji ya chumvi ya bahari ni makali kuliko ya maziwa yetu. Yeye aendaye Moanda kuoga katika Atlantiki na aache mkufu wake nyumbani. Maji ya Kivu na ya Tanganyika hayana ukali huo, lakini mchanga wa pwani zake husugua kama msasa. Na chemchemi za maji ya moto zenye harufu ya kibiriti hutia weusi shaba na fedha kwa muda mfupi.

Klorini ndiyo mbaya kuliko zote hizo. Imo katika maji ya Javel tunayofulia nguo nyeupe, na katika mabwawa ya kuogelea ya hoteli. Hushambulia shaba, hata ile shaba na fedha iliyochanganywa ndani ya dhahabu ya karati 14, na pambo hupoteza mng’ao na kudhoofika katika maungio.

Na kuna kitu kimoja ambacho watu wa machimbo lazima wakijue zaidi ya wengine, nacho ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukusanya chembe za dhahabu walipokwisha kuosha mchanga. Zebaki hushika dhahabu popote iikutapo, hata kidoleni. Pete ikiguswa nayo hugeuka nyeupe kama bati. Hapo mwenye pete asijaribu kuichoma nyumbani ili zebaki itoke, kwa maana moshi wake ni sumu iharibuyo ubongo na figo, na watoto wachanga na wajawazito huumia kwanza. Mume atokaye machimboni na avue nguo za kazi nje, anawe, ndipo ashike mkono wa mkewe. Tena mafuta mengine ya kung’arisha ngozi, yauzwayo masokoni bila maandishi ya kweli, yana zebaki ndani yake. Hayo ni hatari kwa pete, lakini ni hatari zaidi kwa mwili.

PETE ISIZUIE KUNAWA

Hapa ningependa mama na vijana wasikilize vizuri, kwa kuwa jambo hili si la urembo tu.

Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hata tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa wa Ebola uliisumbua Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kwenye milango ya shule, ya makanisa na ya hospitali viliwekwa vyombo vya maji yenye klorini, na kila mtu alinawa kabla ya kuingia. Kipindupindu nacho kimetufundisha sheria hiyohiyo mara nyingi. Sasa mtu aliyekwisha kusoma hapo juu kwamba klorini ni adui wa pambo lake aweza kushawishika kunawa ncha za vidole tu ili asiiloweshe pete. Asifanye hivyo! Chini ya pete ndipo uchafu hujificha, wala sabuni haifiki huko kwa urahisi. Ndiyo maana waganga na wauguzi hufundishwa kuvua pete na bangili kabla ya kazi.

Sheria basi ni nyepesi: ukienda mahali ambapo utanawa mara nyingi kwa maji ya klorini, iache pete nyumbani. Ukiwa umeisahau kidoleni, nawa vema pamoja nayo, kisha uisuuze nyumbani kwa maji safi na kuikausha. Pete huweza kununuliwa mara ya pili, mtoto hanunuliwi.

RANGI YA KIJANI SI ISHARA

Turudi sasa kwa yule mke kijana na maneno ya mama mkwe wake. Mstari wa kijani chini ya pete ni chumvi ya shaba, iliyotoka katika kukutana kwa shaba na jasho. Hutoka kwa sabuni na maji. Mtu mmoja jasho lake ni kali, mwingine ni pole, kama vile mmoja hutoka jasho jingi na mwingine kidogo. Pete moja yaweza kumtia mke kijani na dada yake isimtie. Katika hayo hamna habari ya uaminifu wala ya uzinzi, hamna uchawi wala laana. Yeye asemaye hivyo humhukumu mwenzake kwa ushahidi wa shaba.

Wala ndoa haipungui kwa kuwa pete si dhahabu tupu. Kanisa halidai dhahabu. Kinachofunga ndoa ni neno la mume na mke, walitamkalo kwa hiari mbele ya padre na mashahidi. Pete ni alama ya neno hilo. Maskini aliyetoa pete ya shaba kwa moyo mnyofu ametoa alama kamili. Lakini aliyetoa shaba na kusema “ni dhahabu”, hali akijua, ameanza nyumba yake kwa uongo, na uongo huo hauoshwi na sabuni yoyote. Kwa hiyo, vijana mnaojitayarisha kwa ndoa, semeni ukweli tangu dukani: “Mchumba wangu, uwezo wetu ni huu, na pete hii ni ya kuvikwa. Tutaitunza.” Maneno hayo hayaleti aibu. Na mwaka pete itakapofifia, hapatakuwa na kesi.

MAJI HUIBA PETE

Kuna hasara nyingine ambayo haiponi kwa kitambaa. Vidole hunenepa wakati wa joto na hupungua katika maji baridi. Pete inayobana mchana jikoni yaweza kuteleza asubuhi mtoni, tena sabuni huifungulia njia. Mwanamke husikia tu kidole kimekuwa chepesi, nayo imekwisha kushuka kati ya mawe. Mkufu nao, ukiwa na kifungo kilichochakaa, hukatika kwa pigo dogo la wimbi. Maji yakimwagika hayazoleki, na kilichozama ziwani ni vivyo hivyo.

Wavuvi wana sababu nyingine ya kuvua pete. Wavu au kamba iliyonasa pete yaweza kuvuta ngozi ya kidole chote, hata kukikata. Vivyo hivyo kwa mafundi wa mashine. Mume anayeiacha pete yake kwa mkewe kabla ya kupanda mtumbwi hamkani mkewe. Anataka kurudi na vidole vyake vyote.

NAMNA YA KUTUNZA

Haya sasa ni mashauri ya kila siku. Mama aweza kuyasoma mbele ya binti zake.

1. Vaa pambo mwishoni, livue kwanza. Oga, jipake mafuta na manukato, yaache yakauke, ndipo uvae mkufu. Jioni anza kuvua mkufu kabla ya yote.

2. Kabla ya kufua, kuosha vyombo, kulima, kukanda unga na kuogelea, vua pete. Uwe na mahali pamoja pa kuiweka, mbali na beseni na mbali na mikono ya watoto wadogo: kikopo chenye kifuniko juu ya rafu kinatosha. Usiifunge katika pembe ya kitenge, kwa maana kitenge kitafuliwa.

3. Likiloa kwa bahati mbaya, usifadhaike. Mvua ya njiani haitaharibu kitu. Lisuuze kwa maji safi, ulipanguse kwa kitambaa laini, uliache katika hewa mpaka viungo vyote vikauke ndani. Usilifungie likiwa bichi.

4. Lisafishe mara moja kwa mwezi, au zaidi ukilivaa kila siku. Tia maji ya uvuguvugu katika bakuli na matone machache ya sabuni isiyo kali. Liache humo dakika chache, sugua taratibu kwa kidole au kwa mswaki laini wa zamani. Suuza katika bakuli la pili, usisuuze juu ya mfereji wala mtoni. Kausha kwa kitambaa cha pamba.

5. Usilisugue kwa majivu, mchanga, dawa ya meno, ndimu wala unga wa kung’arishia sufuria. Vitu hivyo hung’arisha kwa sababu hukwangua au hula madini. Sufuria ni nene, yavumilia. Ngozi ya dhahabu ni nyembamba, na kila msuguano huondoa sehemu yake isiyorudi.

6. Lihifadhi peke yake katika mfuko mdogo wa kitambaa kikavu. Mikufu mitatu ikilala pamoja husuguana na kusokotana.

7. Kagua kifungo na viungo kila mwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukimpelekea sonara kazi, mwambie mapema kwamba kitu ni cha kuvikwa, kwa maana moto wa kulehemu na tupa ya kupanulia pete huweza kuifunua shaba.

Anayeshika mambo hayo atavaa mkufu wake miaka kumi na zaidi, pengine atamwachia binti yake. Asiyeyashika, pete yake itaonyesha shaba mapema, hasa upande wa kiganja unaoshika jembe na ndoo.

KWA WANAFUNZI: MAJI KAMA SHAHIDI

Nanyi wanafunzi, mjue kwamba maji, pamoja na kuharibu na kuiba, huweza pia kutoa ushahidi. Mnakumbuka habari ya Archimedes wa Sirakuza, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristu. Inasimuliwa kwamba mfalme Hiero alishuku taji lake, ikiwa sonara alichanganya fedha katika dhahabu, na yule mtaalamu alipata njia ya kupima alipokuwa akiingia katika birika la kuogea.

Njia yenyewe ni hii. Kitu kikizamishwa, husukuma maji yenye ukubwa sawa na wake. Dhahabu safi ni nzito sana: sentimita moja ya ujazo ina gramu 19 na kidogo. Shaba iliyochanganywa na zinki ina gramu 8 na nusu tu. Basi bangili ya shaba hiyo yenye gramu 17 husukuma sentimita 2 za maji, lakini dhahabu safi ya uzito huohuo haisukumi hata moja. Kitu kilichovikwa hukaribia sana hesabu ya shaba, kwa kuwa karibu mwili wake wote ni shaba. Mwalimu wenu akiwa na mizani nzuri ya maabara, fungeni bangili kwa uzi, mpime uzito wake hewani, kisha ikiwa imening’inia ndani ya maji isiguse chombo. Tofauti ya gramu ndiyo kipimo cha maji yaliyosukumwa. Gawanyeni uzito wa kwanza kwa tofauti hiyo, nanyi mtaona nambari. Kwa pete ndogo kipimo hiki ni kigumu, kwa sababu kosa dogo la mizani huharibu hesabu yote.

Jifunzeni hapo jambo moja: macho huona ngozi, mizani huona mwili.

MWISHO WA KISA

Yule sonara mzee aliosha pete katika bakuli, akaikausha, akaiweka katika kiganja cha mke kijana. Iling’aa karibu kama siku ya arusi, isipokuwa ukingo mmoja mwembamba uliokwisha kuwa mwekundu. “Hapa,” akasema, “shaba imetoka. Sitakudanganya, haitafunikwa tena bila kuchovya. Lakini sehemu nyingine zote ziko nzima. Ukiitunza, itakutumikia bado.”

Akamwuliza bei ya kazi. Mzee akakataa kupokea kitu kwa maji ya sabuni.

Jioni ile shangazi alifuatana naye mpaka nyumbani. Hakumgombeza mama mkwe. Alimpa bakuli, kitambaa na kioo cha kukuzia alichoazima kwa sonara, akamwomba aivue pete yake mwenyewe, ile aliyovaa tangu ujana wake, na kuitazama ndani. Yule mama mkwe aliigeuza huku na huku karibu na taa. Akasoma polepole, kisha akanyamaza kitambo.

“Na hii pia?” akauliza.

“Na hiyo pia, mama,” akajibu shangazi. “Wala hakuna aliyewahi kukutilia mashaka.”